Pindo la Mguu wa Kushoto

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote zinazostahili na kwa hasara ya mtangazaji mwenyewe, kwamba mwanamke anayejulikana mtaani kwetu kwa jina la Mama Pindo, fundi cherehani, mjane, mtu asiyekopesha nguo wala tabasamu, ametazama magwaride ya jiji hili mengi kuliko meya yeyote aliyewahi kuyaamuru. Hakuna nishani aliyovishwa. Hakuna barabara iliyopewa jina lake. Jukwaa la wageni waalikwa halimjui, naye halijui jukwaa. Wananchi mnaombwa kusimama kwa heshima. Waliokwisha kukaa wabaki wamekaa, tunayajua magoti yenu.

Jiji hili linapenda gwaride kama mlevi apendavyo ukuta. Maji yakitoka mabombani, gwaride la shukrani. Yakikatika, gwaride la kuwatia moyo wahandisi. Meya akisafiri husindikizwa na matarumbeta, akirudi hupokewa na matarumbeta, na mwaka mmoja aliposahau kusafiri tuliandamana vivyo hivyo, kwa kuwa farasi walikuwa wameshaogeshwa na haikuwa haki kuwachafua bure.

Njia ni ileile siku zote. Gwaride hutoka uwanja wa mnara, hushuka barabara kuu, hupita mbele ya kinyozi, mbele ya duka la viatu lililofungwa tangu mwenyewe akimbie kesi, halafu mbele ya mlango wa Mama Pindo. Chumba chake ni kirefu na chembamba kama mfuko wa mwavuli. Cherehani iko mlangoni ipate mwanga. Nyuma yake kuna meza ya kukatia, pasi nzito, bomba la maji lililogeuzwa la kutundikia nguo, na mwisho kabisa pazia ambalo nyuma yake wateja huvua suruali pamoja na heshima. Ukutani hakuna picha hata moja. Kuna kioo tu, na kioo kina ufa unaompa kila mteja kiuno chembamba, jambo ambalo halijawahi kulalamikiwa.

Siku ya gwaride Mama Pindo hafungi duka. Hushona mpaka asikie bendi imefika kwa kinyozi. Hapo huzitoa pini mdomoni mojamoja, huzichoma kwenye kifuko anachofunga mkononi, hutoka nje na kushika nguzo ya taa. Bendi ya jiji hupita: matarumbeta, filimbi, ngoma ndogo, na mwisho, peke yake nyuma ya wenzake, mpiga ngoma kubwa. Ngoma kubwa ikishapita, Mama Pindo hurudi ndani. Nyuma yake huja magari ya zimamoto, watoto wa shule, lori la waokaji lenye mkate wa mbao uliopakwa rangi, wanawake wa vyama, wanaume wa vyama, na vyama vyenyewe. Yeye havioni. Ameshainamia mshono.

Watu wa kuona juujuu walisema, mama huyu mzalendo. Watu wa kuona kwa ndani, yaani kinyozi, walisema, anamtazama mumewe. Na mumewe alikuwa amekufa.

Tumweleze huyo mume kabla hatujamfanya malaika, maana marehemu wote hupandishwa cheo, na huyu hakupenda vyeo. Mtaani aliitwa Kishindo. Siku za kawaida alikuwa mpakaji chokaa wa jiji: kingo za barabara, mashina ya miti, mawe ya bustani, chochote kisichokimbia. Siku za sikukuu alisugua mikono, akavaa sare ya bluu yenye ukanda mwekundu ubavuni, akafunga ngoma kubwa tumboni na kuandamana katikati ya kingo alizozipaka mwenyewe. Alikuwa mcheshi, mlafi, na mwongo wa mambo madogo. Na mguu wake wa kushoto, tangu alipozaliwa, ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vichache.

Mguu huo ulikuwa na sheria moja: usitajwe. Kishindo aliuficha kama watu wengine wanavyoficha umri. Ndani ya kiatu aliweka soli juu ya soli. Kwenye picha alisimama nyuma ya kiti. Na siku alipokabidhiwa sare ya bendi, aliiweka chini ya kwapa akaenda nayo kwa fundi asiyemjua, mtaa wa mbali na kwao.

"Mguu mmoja wa suruali hii umezidi," alisema, kana kwamba kosa ni la suruali.

"Suruali iko sawa," akajibu fundi, ambaye wakati huo alikuwa binti mwenye ulimi. "Wewe ndiye hujasimama wima. Simama wima."

"Nimesimama wima."

Fundi akamtazama chini, akaelewa. Akapiga magoti na chaki yake bila kusema neno, na kwa mtu mwenye ulimi ule, kule kunyamaza kulikuwa posa.

"Usikate," yule bwana akasema kutoka juu. "Ni mali ya umma. Kunja tu. Ikunje hata mama yangu asijue."

Akaikunja. Aliushona ule upindo kwa mkono, kwa uzi wa mara mbili uliopitishwa kwenye nta, mishono midogo kama mayai ya chawa, na kwa miaka yote iliyofuata hakuna aliyejua. Kishindo alikwenda na suruali, akaondoka na fundi.

Lakini pindo hufunika jicho, halifuniki sikio. Mpiga ngoma kubwa ndiye mguu wa bendi nzima, na pigo la Kishindo lilifuata mguu wake. Dum, halafu kitu kidogo kama kusita, halafu dum. Wenzake wakajifunza kumsubiri. Mwishowe bendi yote ikawa inachechemea kwa adabu, na nyuma ya bendi jiji zima, mameya kwa majenerali, likichechemea bila kujijua. Kishindo naye hakujua. Alidhani anapiga sawasawa kama saa. Mkewe alisikia kila kitu akiwa ameshika nguzo ya taa, na hakumwambia.

Kisha moyo wake ukasimama asubuhi moja, ndoo ya chokaa ikiwa mkononi. Walimkuta amekaa kwenye kingo nyeupe na makalio meupe, na hata waliomlilia walicheka kidogo, kisha wakalia zaidi. Jiji lilituma shada la maua na mtunza stoo. Shada lilichelewa. Mtunza stoo aliwahi. Alikuja kuchukua sare kabla viti vya msiba havijarudishwa vilikoazimwa, akatia saini, akapewa kikombe cha chai, akaenda zake na suruali mkononi kama mtu aliyetoka kwa dobi. Mjane alikuwa ndani anashikiliwa na wanawake. Alipokumbuka lile pindo, suruali ilikuwa imeshalala stoo.

Hapo ndipo jiji lilipofanya kosa ambalo ni jiji pekee linaweza kulifanya. Lilipompata mpiga ngoma mpya, lilimpima kiuno. Kiuno kikakubali. Miguu waliiacha kwa Mungu.

Gwaride la kwanza baada ya msiba, Mama Pindo hakukusudia kutoka. Alikuwa anashona kola. Bendi ikafika kwa kinyozi, na kutoka kwa kinyozi likaja lile pigo: dum, kusita kidogo, dum. Alitoka na pini zikiwa bado mdomoni. Kofia za bendi zinashuka mpaka kwenye nyusi, na ngoma kubwa inapanda mpaka kidevuni, kwa hiyo mpiga ngoma huwa hana uso. Kinachobaki kwake ni miguu. Na miguu ilikuwa ile. Suruali ileile, kushoto imepanda, na ndani yake mtu anayejishusha upande mmoja ili kifundo chake cha mguu kisionekane, na kwa kujishusha pigo lake linachelewa. Alikuwa Kishindo mtupu. Alipita, akaenda.

Kuanzia siku ile Mama Pindo alikuwa na mume tena, siku za sikukuu tu, kutoka kwa kinyozi mpaka kwenye kona ya benki.

Aliishi na wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kuwashonea watu midomo. Wifi hakuwa anatoka kutazama. Alisema gwaride ni watu wanaokwenda mahali ambapo gari lingewafikisha mapema.

Sasa tuje kwenye msiba wa pili, ambao hakuna aliyeuletea viti. Siku moja ya kazi, jiji likijitayarisha kwa gwaride kuu la kusherehekea kuwepo kwake, mlango ulizibwa na mtu mkubwa, mpole, mwenye mabega ya kabati.

"Hodi, mama."

"Karibu. Kama una suruali weka mezani, kama una maneno peleka kwa kinyozi."

Akaweka kifurushi mezani. Mama Pindo aliijua ile nguo kabla karatasi haijafunguliwa. Aliinusa. Jasho jipya juu, nta ya zamani chini.

"Ni huu mguu wa kushoto," yule mtu akasema. "Mimi napiga ngoma kubwa bendi ya jiji. Suruali hii nilipewa hivi, mguu mmoja umepanda. Nimezunguka kwa mafundi wote wa kule kwetu. Wanasema uzi huu si wa mchezo, kitambaa kimezeeka, ukivuta vibaya kinachanika, na mali ya umma ikichanika tutalala ndani, fundi na mteja. Mtunza stoo akaniambia nenda kwa Mama Pindo."

"Hakukwambia zaidi?"

"Hakuniambia. Na mimi sijui aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa kiumbe gani, mama. Labda alikuwa bata."

Kifungo kilimponyoka wifi kikaviringika mpaka chini ya pasi. Hakuna aliyekiokota.

"Umeivaa muda wote huo," Mama Pindo akasema. "Leo ndiyo imekuwasha?"

"Mkuu wa bendi ndiye kawashwa. Kwenye gwaride kuu watakuja wageni kutoka miji mingine. Ameniambia hivi: siku hiyo ukinichechemea, ngoma naivua tumboni kwako nampa mwingine, wewe utarudi kulinda bustani. Na mimi, mama, bila ile ngoma ni mtu wa kufukuza mbuzi kwenye maua. Mke wangu alinikubali kwa ajili ya ngoma, hajanificha."

Mama Pindo akapitisha kidole kwenye upindo, kwa nje, asiguse uzi.

"Iache. Njoo wiki ijayo."

Alipokuja wiki iliyofuata, uzi wa bluu ya namna ile ulikuwa umekwisha mjini. Alipokuja tena, wembe wa kufumulia ulikuwa butu. Mara ya tatu fundi alikuwa anaumwa kichwa. Katikati ya hapo palikuwa na gwaride dogo la kuzindua bomba, maji hayakuwepo lakini utepe ulikuwepo, na Mama Pindo akamrudishia yule mtu suruali yake kama ilivyokuja, aivae kwa siku hiyo kisha airudishe. Akatoka. Akashika nguzo. Akamwona mumewe akipita. Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni na wembe mkononi huku kichwa cha mteja kikimsubiri na povu, akasema bila kumtazama, "Shemeji, huyu utamtesa mpaka lini?" Mama Pindo akajibu kwamba yeye hana anayemtesa, na kama kinyozi ana huruma ya ziada, ampelekee mteja wake ambaye povu linamkaukia.

Zilipobaki siku chache, yule mtu akaja tena. Safari hii wifi ndiye aliyemwona wa kwanza, akaacha kushona. Alikuwa anavuka barabara amevaa suruali yake mwenyewe ya kazini, iliyo sawa miguu yote miwili. Na alikuwa anachechemea.

"Umeumia?" wifi akauliza.

"Sijaumia, shangazi. Ndiyo hivi sasa." Akacheka, kicheko cha mtu anayelipa deni lisilo lake. "Nilizoea kujishusha nikiwa na sare. Sasa sare naivua, mguu hauvui. Mke wangu anasema hata nikitoka bafuni na taulo nachechemea. Nyonga inaniuma nikilala. Binti yangu ndiyo anaanza kutembea, na anatembea hivi." Akaonyesha, hatua mbili tatu, jitu zima likimwigiza mtoto mdogo anayemwigiza yeye. "Sikuzaliwa nao mguu huu, mama. Nimeupata kwenye suruali."

Mama Pindo alikuwa ametazama ile miguu ikivuka chumba chake, kwenye sakafu ile ambayo Kishindo alikuwa akiivuka kwenda kunywa maji. Akamwambia, "Kesho jioni ipitie." Yule mtu akashukuru, akatoka, akachechemea mpaka upande wa pili wa barabara.

Wifi alimngoja apotee.

"Kaka yangu," akasema, akikata uzi kwa meno, "aliishi maisha yake yote akiuficha ule mguu. Mimi nilikuwa napigwa shuleni kwa kumpiga yeyote aliyemcheka. Mama yetu alikufa hajui kwamba najua. Wewe mwenyewe ulipiga magoti ukamfichia, na kwa hilo nilikupenda, ingawa sikukwambia kwa sababu ungepandisha bei. Sasa amekufa, unautembeza mjini kila sikukuu, watu wote wauone."

"Hawaujui. Wanamwona yule kijana."

"Wewe unaujua."

"Wifi, sina kingine." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mteja kwamba hana kifungo cha rangi ile. "Picha zote amesimama nyuma ya viti. Nguo zake mlizigawa. Sauti yake siikumbuki vizuri, naanza kuichanganya na ya kinyozi. Ile tu ndiyo sijaichanganya."

Wifi alikuwa na majibu ya kila kitu duniani, tangu ndoa za watu mpaka bei ya uzi. Alisogea na kigoda chake karibu na cherehani, akakaa, akaendelea kushona vifungo.

Mchana ule Mama Pindo alibadilisha wembe. Akaigeuza suruali nje ndani, akaibana kwenye goti, akaanza. Uzi wa nta haufumuliwi kwa kuvuta, hukatwa mshono mmojammoja kisha hutolewa kwa ncha ya sindano, na yeye alikuwa amejishinda mwenyewe siku ile alipoushona. Aliwahi kumpenda mtu kwa mishono midogo kiasi hicho. Mara kwa mara alisimama, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akalaani mwanga. Mwanga ulikuwa mzuri tu.

Ndani ya mkunjo, kitambaa kilikuwa bado na bluu yake ya dukani, ambayo jua halijawahi kuiona. Palikuwa na mchanga. Palikuwa na unga wa chokaa. Palikuwa na vipande vya zile karatasi za rangi ambazo watu humwaga kutoka madirishani, vyekundu na vya njano, vimebanwa vikawa kama kucha. Wifi aliviona, akamtazama mwenzake atafanya nini navyo. Mama Pindo alivikung'uta mezani, akavifagia kwa kiganja pamoja na nyuzi zilizokatwa, akatupa kwenye pipa la vitambaa, kama afanyavyo kwa suruali ya mtu yeyote.

Uliobaki ulikuwa mstari. Nguo iliyokunjwa miaka mingi huwa na alama, na fundi mvivu humwambia mteja itaondoka yenyewe. Mama Pindo aliuloweka kwa siki, akaweka kitambaa chenye maji, akaugandamiza kwa pasi mpaka chumba kikajaa mvuke na harufu ya mtu aliyetoka kutembea. Akarudia. Wifi akasema, kwa sauti ndogo, "Uache kidogo basi. Utakusaidia kumjua." Mama Pindo akasema kazi ni kazi. Alipomaliza, ungeweza kumleta meya na miwani yake yote asione kitu.

Yule mtu alipokuja jioni ya siku ya pili, alikuwa ameshapita kwa kinyozi, na kinyozi hajawahi kunyoa mtu bila kumpa habari. Alisimama mlangoni hakuingia.

"Mama, nisamehe. Lile neno la bata. Sikujua."

"Ungejua ungefanya nini?"

Akafikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu ambaye hajazoea kuulizwa.

"Ningeendelea kuchechemea."

"Ndiyo maana hukuambiwa," akasema Mama Pindo. "Ivae nione. Pazia liko kule."

Akatoka nyuma ya pazia. Pindo zote mbili zilikaa sawa juu ya viatu, ukanda mwekundu umeshuka bila kupinda. Mguu wenyewe bado ulikuwa na mazoea, ukajishusha.

"Simama wima," akamwambia.

"Nimesimama."

"Hujasimama. Huo mguu si wako. Uweke chini."

Akauweka chini. Ilichukua muda, kama mtu anayeweka mzigo asioamini kwamba ameruhusiwa kuuweka. Kisha alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa akidhaniwa. Mama Pindo akazunguka nyuma yake, akavuta ukosi, akatoa uzi mmoja begani, akasema nenda.

Gwaride kuu lilikuwa kuu, hilo tukubali. Kingo zilipakwa chokaa na mtu mwingine, akamwagia na miguu ya benchi. Wageni wa miji mingine walikaa jukwaani wakipigwa na jua la heshima. Karatasi zilimwagwa kutoka ghorofani mpaka barabara ikawa kama sakafu ya fundi. Mama Pindo alishona mpaka akasikia bendi kwa kinyozi, akatoa pini, akatoka. Wifi, ambaye hakuwahi kutoka, siku ile alitoka, akasimama upande wa pili wa nguzo na kujifanya anatafuta hewa.

Dum. Dum. Dum. Dum.

Sawasawa kama saa. Bendi, iliyozoea kusubiri, ilijikwaa kidogo pale kwenye duka la viatu, watu wa filimbi wakakanyagana, kisha ikashika mwendo. Ilipita imenyooka kama rula. Mwisho akaja mtu mwenye ngoma kubwa. Alikuwa na uso. Labda alikuwa nao siku zote. Alikuwa na masharubu madogo na kovu kidevuni, na alipofika penye nguzo alishusha kichwa kidogo juu ya ngoma, kumsalimu. Mama Pindo akaitikia, kama unavyomwitikia mteja. Kisha mtu yule akaifikia kona ya benki, na ngoma yake ikaenda naye.

Wifi akageuka kuingia ndani. Mwenzake hakugeuka.

Yakapita magari ya zimamoto. Wakapita watoto wa shule, mmoja analia, kiatu kimemtoka. Likapita lori la waokaji na mkate wake wa mbao, ambao Mama Pindo hakuwahi kuuona tangu aanze kuishi mtaa ule, akautazama mwanzo mpaka mwisho. Wakapita wanawake wa vyama, wanaume wa vyama. Farasi wakapita, safi, wakachafua. Akapita meya amesimama kwenye gari akipunga mkono kwa ghorofa. Wifi akasema, "Tuingie basi, wifi." Akamletea kigoda, hakukaa. Alikuwa amesimama mkono kwenye nguzo, shingo imeelekea upande wa kinyozi, kama mtu ambaye bendi haijamfikia bado. Watu wakaanza kuondoka. Madirisha yakafungwa. Wakaja wafagiaji na mafagio yao marefu, wamejipanga mstari, nao akawatazama mpaka wakapita.

Pakabaki karatasi na yeye.

Mtangazaji wa redio, kijana mwenye suti na kipaza sauti kilichovikwa sifongo, alikuwa akirudi kwenye gari lake na bado alikuwa na muda wa kujaza hewani. Akamwona. Mtu mmoja tu amebaki kwenye barabara nzima, tena mama mtu mzima: zawadi kutoka mbinguni. Akarekebisha tai, akamkaribia, akaipaka sauti yake mafuta.

"Wasikilizaji wetu popote mlipo, hapa nina mama yetu ambaye amesimama tangu mwanzo mpaka sekunde ya mwisho, mfano wa upendo wa wananchi kwa jiji lao. Mama, waambie wenzako walioko majumbani, kutoka ndani kabisa ya moyo wako: gwaride la mwaka huu limekuwaje?"

Mama Pindo akakitazama kile kipaza sauti, kisha akamtazama kijana suruali yake.

"Refu," akasema.